Misumari Iliyosimama

Fundi Randa aliacha useremala siku mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, na hakuna adhabu kubwa kwa fundi kama kukaa bure. Asubuhi alimwogesha mkewe, akamgeuza ubavu, akamlisha uji, kisha akaketi barazani kutazama wapita njia mpaka wenyewe wakaanza kuzunguka njia nyingine.

Mkewe, ambaye tangu mtoto wa kwanza alimwita Mama tu, alikuwa na mwaka wa pili kitandani. Hakuanguka, hakushikwa na homa. Aliamka asubuhi moja miguu imekataa, miezi michache baada ya wao kuhamia katika nyumba hii waliyoinunua uzeeni. Hospitali walimpiga picha, wakasema mifupa salama na mishipa salama, wakamwandikia vidonge vya maumivu mtu asiye na maumivu. Watoto walipiga simu kila siku, halafu kila wiki, halafu kila walipokumbuka. Fundi alikuwa amebaki na ombi moja duniani: amwone yule mwanamke akitembea tena mpaka jikoni kwake.

Mashine aliletewa na rafiki yake, fundi bomba, mtani wake wa miaka thelathini. Ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani chini na spika za kuvaa masikioni. Fundi bomba aliinunua mitumba ili imsaidie kutafuta mabomba yaliyofukiwa, kisha akapata mpya.

"Chukua," alimwambia, "kabla hujaanza kupiga randa upepo."

Akamfundisha palepale uani. Anayeanza aanzie kwake, si kwenye viwanja vya watu. Sahani iende chini, karibu iguse majani, ipelekwe kushoto na kulia bila haraka, kila hatua ipitie nusu ya ile iliyopita. Chuma kinanguruma, shaba inaimba, fedha inapiga mluzi. Mwanzoni chimba kila kinacholia, kwa sababu sikio halifunzwi kwa kuchagua. Ukimaliza fukia shimo, chomeka kijiti, usije ukachimba palepale kesho kama mlevi anayetafuta kofia aliyoivaa.

Siku ya kwanza Fundi alipata vizibo vya soda, kijiko kilichopinda na betri iliyovuja. Mama alimtazama kupitia dirisha la chumba cha kulala, akasema kumbe anajua kuzoa takataka, mbona za jikoni hazijui. Wakacheka wote wawili. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila kicheko katika nyumba ile, na Fundi alilala akiwa na furaha.

Siku ya pili, hatua chache kutoka dirishani, mashine ilinguruma. Fundi akapiga magoti, akachimba kwa mwiko kina cha kiganja, akaona kichwa cha msumari. Ulikuwa msumari wa kufuliwa kwa mkono, wa pembe nne, mrefu kama shibiri.

Msumari uliodondoka hulala. Huu ulikuwa umesimama wima, kichwa juu, ncha chini. Alitafuta ubao uliooza, hakuona hata unga wake. Mtu alikuwa ameupigilia kwenye udongo mtupu.

Akaubana kwa plaizi, akavuta. Maisha yake yote alikuwa ameng'oa misumari, na alijua udongo unavyoachia. Huu haukutoka kama unaotoka udongoni. Ulitoka kama unaotoka kwenye ubao mbichi, ukibishana mpaka ncha.

Akautia kwenye kopo la maziwa, akafukia, akachomeka kijiti. Jioni, alipokuwa akimpangusa mkewe, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilicheza.

Alidhani ni macho yake. Akashika kile kidole. Kilikuwa cha moto, na kikacheza tena ndani ya mkono wake. Mama aliangalia mguu wake kama anayeangalia mgeni aliyeingia bila hodi, kisha akaanza kulia.

Siku ya tatu akang'oa misumari miwili, yote imesimama. Usiku ule Mama alisema nyayo zinamwasha. Siku ya nne mitatu, na goti likakunjika. Fundi hakumwambia mkewe anachokitoa. Alisema vizibo tu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaelewa, au alidhani ameelewa, na siku ya tano aliinua kichwa akaona vijiti vyake vilivyopangika.

Vijiti viwili kwenye visigino. Viwili kwenye vifundo. Magoti. Nyonga. Mtu amelala chali, kichwa kimeelekea ukutani, chini ya dirisha la mkewe.

Hasira aliyoipata siku ile hakuwahi kuipata hata ujanani. Kwa hiyo kulikuwa na mtu. Binadamu mwenye mikono alikuja katika ua huu na nyundo, akampigilia mke wake ardhini kama mtu anavyopigilia bati. Hakutaka kumjua. Alitaka kung'oa.

Kuna jambo aliliona na akalinyamazia. Misumari ya namna ile iliacha kufuliwa kabla baba yake hajazaliwa. Fundi mwenye miaka arobaini ya kazi hawezi kukosea hilo. Akajiambia unyevu huzeesha chuma. Mfa maji haachi kutapatapa, na yeye alikuwa amezama mwaka mzima na zaidi.

Siku ya saba Mama alisimama. Shemeji, mdogo wake Mama, aliyekuwa akija kila Jumamosi kufua, aliachia beseni likamwagika, akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia ukutani. Mama alitembea akishika ukuta. Kesho yake alitembea bila kushika. Akaingia jikoni, akafunga kanga kiunoni, akaomba unga. Fundi alisimama mlangoni akimtazama akikanda, machozi yakimtoka bila aibu, na mikono ya mkewe ikienda na kurudi kwenye unga kama zamani.

Shemeji, aliyekuwa amelala kwao usiku ule, alimvuta kando alipokuwa akiondoka. Alisema dada yake ameanza kuinama anapopita mlangoni. Fundi akamwambia ni mgongo, mtu aliyelala muda mrefu lazima ainame kidogo.

Siku ya tisa fundi bomba alipita kuona mwanafunzi wake anaendeleaje. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, kivuli cha mtu kimejikunja chini ya miguu yake. Fundi akamwonyesha vijiti na kopo la misumari, akamweleza yote, akasema umebaki mmoja tu. Mashine inanguruma pale kwenye shingo. Alikuwa ameshaanza kuchimba.

Fundi bomba alizunguka vile vijiti mara moja. Utani ulimwisha mdomoni.

"Mkeo ana urefu gani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Futi tano na inchi moja. Kitanda chake nimekitengeneza mimi."

"Na hiki umekipima?"

Hakuwa amekipima. Mtu ambaye hakuwahi kukata hata mguu wa kigoda bila kupima, alichimba siku nane bila kutoa futi kamba mfukoni. Aliitoa sasa. Fundi bomba akashika ncha kwenye visigino, yeye akaenda nayo mpaka mabegani.

Futi saba na inchi mbili. Kichwa kilikuwa bado hakijahesabiwa.

Wakatazamana. Fundi bomba aliiachia ncha ya futi, ikarudi kwa kasi na kumgonga Fundi kidoleni.

"Aliyelala hapa si mkeo, na waliompigilia walikuwa wanamzuia asitoke," alinong'ona. Akatoka kwa mlango wa uani. Hakukimbia, ila hakugeuka, na viatu vyake alivyovivua barazani alivisahau.

Jikoni mtu alikuwa akiimba kwa sauti ya puani. Fundi alisogea kwenye dirisha la jikoni. Kabati la vyombo alilitengeneza mwenyewe, futi saba kwenda juu, na sufuria kubwa ilikaa juu kabisa kwa sababu Mama aliifikia kwa kupanda kigoda. Kigoda kilikuwa pembeni ya mlango. Mama alikuwa amempa mgongo. Aliinua mkono, akaishusha sufuria. Hakujinyoosha. Hakusimama hata kwa vidole.

Wimbo ulikatika.

"Bado mmoja," alisema. Hakuwa amegeuka.

Fundi alishika ukingo wa dirisha. Hakuwahi kumwambia kuhusu misumari.

"Bado mmoja, mzee wangu. Shingo inanibana."

Alikuwa ameegemea meza, na kanga aliyojifunga kiunoni, ambayo siku zote ilimfika kwenye vifundo vya miguu, ilimwishia magotini.

Fundi alirudi nyuma mpaka kisigino chake kikagonga kopo. Aliogopa, ndiyo. Lakini lililomuumiza zaidi lilikuwa jingine. Angeweza kuacha. Asing'oe ule mmoja, asirudishe mingine, anyamaze. Angebaki na mtu anayetembea ndani ya nyumba yake, anayepika, anayemwita mzee wangu. Alisimama juani akilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukiri kwa mtu.

Kisha akachukua nyundo.

Alianza na mabega. Mkono ulitetemeka, pigo la kwanza likaenda pembeni. La pili likapata. Ndani ya nyumba kitu kizito kiligonga dari. Akachukua msumari mwingine. Kiwiko. Vyombo vilianguka. Kiganja. Nyonga. Sauti ilitoka jikoni, si ya mwanamke wala ya mwanamume, sauti ndefu ya kitu kinachosukumwa kurudi mahali pasipokitosha. Akapiga. Goti la kulia. Goti la kushoto. Jasho likamwingia machoni. Kifundo.

Sauti ikakatika. 

Kopo lilikuwa limebaki na msumari mmoja, ule wa kwanza kabisa, wa mguu wa kushoto.

"Mume wangu."

Ilikuwa sauti ya Mama. Hakuna anayeweza kumdanganya Fundi kuhusu sauti ile. Ilikuwa na mkwaruzo wake, na ule uchovu wake wa mchana.

"Niachie mguu mmoja tu. Nitajikongoja. Tafadhali."

Nyundo ilikaa juu. Alijaribu kujua ni nani anayeomba. Alisikiliza kama alivyofundishwa kusikiliza mashine, akitafuta mngurumo chini ya sauti, na hakusikia mngurumo wowote. Alisikia mkewe analia.

Akapiga.

Alimkuta kwenye sakafu ya jikoni katikati ya vyombo, unga umemjaa mpaka viwikoni, kanga imefunika miguu yake mpaka vifundoni. Alikuwa mfupi, mwepesi, mke wake. Alimbeba mpaka kitandani, na njia nzima alikuwa akimwomba msamaha, naye alikuwa akimtazama tu.

Madaktari walisema hutokea, mgonjwa akapata nafuu ya ghafla kisha akarudi nyuma. Shemeji alilia kuliko alivyopiga vigelegele. Fundi alimwaga zege pale uani, nene, akamrudishia fundi bomba mashine pamoja na viatu vyake. Fundi bomba alipokea viatu. Mashine aliikataa, nayo ikaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Jumamosi iliyofuata shemeji alipanda juu ya meza kufagia utando wa buibui jikoni. Akaita. Kwenye dari, futi tisa na nusu kutoka sakafuni, palikuwa na alama ya kiganja cha unga, vidole vitano vimetanuka, kama cha mtu aliyejizuia asigonge kichwa. Kilikuwa kiganja kidogo, cha mwanamke. Alipitisha ufagio, hakikufutika. Alileta kitambaa chenye maji, kikafutika, na dari ilipokauka kikaonekana tena. Fundi akasema kiachwe.

Miezi kadhaa baadaye, Mama aliomba abebwe akakae jikoni, amechoka na ukuta wa chumbani. Fundi akamweka kwenye kiti, akampa mto, akaanza kumenya viazi. Hawakuwa wamewahi kuongea kuhusu siku ile, na Mama alikuwa mpole kwake, mpole kuliko zamani, jambo ambalo lilimfanya ashindwe kulala.

Mama aliinua macho darini. Alikitazama kile kiganja muda mrefu. Kisha akainua mkono wake wa kulia taratibu, akatanua vidole, akafunga jicho moja, akaulinganisha na alama ile kwa mbali.

"Ni wangu," alisema.

Fundi akaacha kumenya. Alisubiri aulizwe kwa nini alipiga. Mama alishusha mkono, akaupangusa kwenye kanga, akamwambia viazi vile ni vingi mno kwa watu wawili.