Maji ya Nyumba ya Gakuru

Maji ya nyumba ile hayakuwa na chumvi. Hilo ndilo lililomfurahisha Munyiva, na ndilo lililostahili kumtisha, maana Kitengela nzima ina visima vya chumvi, na mtu anayetafuta nyumba huonja maji kabla ya kuuliza bei.

"Onja, mama, usiogope," alisema Gakuru, mwenye nyumba, akifungua mfereji wa jikoni. Yeye hakunywa. Alibaki akimtazama Munyiva kooni mpaka kikombe kilipokwisha.

Munyiva alimfikiria bintiye Katee, mwenye miaka saba, ambaye meno yake yalikuwa yameanza kugeuka kahawia kwa maji ya nyumba waliyopanga. Ni kwa ajili ya meno yale alikuwa akitafuta nyumba ya kununua, iwe yao wenyewe. Lakini hakuwa mtu wa kuamini ulimi peke yake. Alijaza chupa ya soda akaenda nayo nyumbani, ayachemshe aone kama yataacha ukoko mweupe kwenye sufuria.

Ukoko haukuwapo. Kulikuwa na utando wa mafuta ya manjano, kama ule unaoganda juu ya supu iliyolala, na ulinuka ngozi mbichi iliyosahauliwa ndani ya gunia. Munyiva alimwaga, akasugua sufuria kwa majivu mara tatu, na harufu ikabaki vidoleni. Nusu chupa iliyosalia akaiweka rafu ya juu, amwonyeshe mumewe.

Asubuhi iliyofuata kitu kilimkwaruza kooni. Akaingiza vidole, akashika unywele, akavuta. Ulikuja mrefu, wa mvi, wenye mafuta, ukaendelea kuja mpaka akahisi mwisho wake uking'oka mahali fulani chini ya kifua.

"Umekula mkia wa ng'ombe?" mumewe, Nzioka, alimtania. Alikuwa bawabu wa usiku, ndio kwanza anavua viatu.

"Nzioka, usinicheke. Kuna kitu kwa hiyo nyumba."

"Si wewe ulisema maji ni matamu? Wacha nilale, mama Katee."

Siku ya tatu, akiwa ameshameza nywele alizoshindwa kuzivuta, Munyiva alikwenda ofisi ya ardhi Kajiado. Hata bila nywele angekwenda. Hakuwahi kutia sahihi karatasi ambayo hakuijua ilikotoka. Karani alifungua rekodi, akacheka. "Mama, hii ploti inauzwa kama nyanya. Wenyewe wanne, miaka mitano." Aliyetangulia Gakuru aliitwa Evalyne Waruguru, na karani alimfahamu: alikaa nyuma ya soko la mifugo, hapo hapo Kajiado.

Evalyne alimpokea mlangoni, leso imefunika mdomo. Aliposikia nyumba ni ipi, hakumpa mkono.

"Ulionja?" akanong'ona.

"Nilionja."

"Mungu wangu. Na nywele zimeanza?"

Munyiva aliitikia kwa kichwa.

"Mwenye alijenga hiyo nyumba alikuwa mchuuzi wa ng'ombe," Evalyne alisema, akitazama barabarani kana kwamba wanasikilizwa. "Alifuga jini ndani ya tangi ya chini. Alimlisha maini mabichi ndio mali iongezeke. Mzee akakufa, jini akabaki na njaa. Saa hii anakula mwenye amekunywa mwisho. Kutoka ndani." Akashusha leso. Ufizi wake ulikuwa mtupu, mweusi, umelowa kama nyama ya jana. "Alikaa na mimi miezi nane. Alianza na meno."

"Basi sinunui. Leo leo nampigia Gakuru."

"Kununua si kitu, dada. Gakuru alitaka tu ukunywe. Hata mimi nilimpatia glasi nikimwangalia hivyo hivyo, na nikalala vizuri siku hiyo." Hakulia wala hakuona haya. "Sasa ni wako, mpaka mtu mwingine akunywe hayo maji."

Munyiva alisimama. Akilini aliiona ile chupa aliyoiacha kwenye rafu nyumbani.

Alimpigia Nzioka, simu ikalia ikakatika, akapiga tena, maana Nzioka akilala mchana hata paa likianguka haamki, na shule zilikuwa zimefungwa na Katee alikuwa nyumbani na chupa ile, na basi la kurudi Kitengela lilisimama kila mahali kupakia watu na vifurushi huku uvundo wa ngozi ukimpanda puani, na nywele zikijisokota kooni kama vidole vinavyotafuta njia, na yeye akimeza mate mazito yenye ladha ya mafuta yaliyochacha, akimeza na kuomba.

Walipofika Isinya, koo likafunguka.

Harufu ilitoweka. Munyiva alivuta pumzi ndefu, safi, ya kwanza kwa siku tatu, na mwili wake ukafurahi kabla akili haijaelewa. Alipoelewa, alijitapikia mapajani.

Alimkuta Katee ameketi kizingitini, chupa tupu katikati ya magoti, kigoda cha jikoni bado kimewekwa chini ya rafu.

"Mami, maji ya leo ni matamu," mtoto alisema. "Nimekunywa yote."

Kisha akakunja uso, akaingiza vidole viwili mdomoni, na kuanza kuvuta.