Tarehe Thelathini Februari

Harufu ndiyo iliyotangulia. Asubuhi moja, wakati vita vya Ituri vilikuwa vimeshawazoesha watu wa Bunia harufu mbaya za kila aina, studio ya redio ya mtaa ilinuka nywele zilizoungua, na hapakuwa na kilichoungua. Kompyuta tu ndiyo iliyokuwa ya moto. Vital, fundi wa redio, aliinunua kwa wapiganaji waliotoka Mongbwalu na gari limejaa vitu vya watu. Hakuuliza mwenyewe yuko wapi. Nani alikuwa akiuliza siku hizo?

Ilikuwa mashine inayoendeshwa na mfumo wa Unix, yenye utii wa kupendeza. Unaiandikia mstari: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki, kisha kazi, nayo inatenda bila kukumbushwa. Vital aliipa matangazo ya watu waliopotea, yasomwe kila baada ya saa moja na nusu. Muda wa namna hiyo hauingii katika mstari mmoja, hivyo aliandika miwili. Asubuhi ile akakuta mitatu.

Wa tatu ulikuwa na jina la Fiston, mlinzi wa jenereta. Saa ilipofika spika zikaita, “Fiston,” kwa sauti ya kaka yake aliyezikwa mwaka uliopita. Bunia kila mtoto anafundishwa asiitike sauti ambayo mwenyewe hamwoni, lakini Fiston alimpenda kaka yake, akaitika. Jioni walimkuta ameketi kando ya jenereta, kinywa kimejaa udongo mpaka kooni.

Vital akaufuta mstari. Ukarudi na jina la Gertrude, muuza mikate wa pale mlangoni. Wakaizima mashine, wakang'oa nyaya, na bado iliita, naye Gertrude akamwitika marehemu mama yake, akakutwa na udongo kinywani, sinia ikiwa bado kichwani.

Kisha mstari ukarudi na jina la Nadège. Huyo alikuwa binti pekee wa Vital, wa miaka saba, na mama yake, Domitille, alikuwa amekatwa kwa panga kwenye njia ya Kpandroma. Vital alijua mara moja ni sauti ya nani itakayoita. Akatuma mtu kuomba msaada.

Mwalimu Amuri, mtoa majini aliyekimbia machimbo ya dhahabu, alikuja, akanusa mashine, akakataa hata kuketi.

“Ile jini iko ya zamu,” alinong'ona. “Ukifuta zamu yake, inajiandikia ingine. Umuachie zamu, lakini ile haiwezi kufika. Na umupatie Ijumaa. Bila siku yake hatakubali.”

“Iko tarehe moja haifikake,” Vital akasema.

Katika mstari wa Nadège akaandika tarehe thelathini, mwezi wa pili, siku ya Ijumaa. Aliona amepiga kufuli mbili, na alijisifu moyoni, maskini. Harufu ikaisha siku hiyohiyo. Wiki zikapita, Nadège akanenepa kidogo, na Vital akaanza tena kupiga miluzi kazini.

Februari ikaingia. Ijumaa ya kwanza, mchana kweupe, Charlotte, mtangazaji, aliacha kusoma katikati ya sentensi.

“Papa Vital, weye unasikia? Iko harufu ya nywele.”

Hapo ndipo alipokumbuka sheria aliyoijua tangu alipojifunza kazi, kwamba mashine ile, ukiijazia tarehe na siku ya wiki pamoja, haingoji vikutane bali inatosheka na kimoja, kwa hiyo kila Ijumaa ya Februari ilikuwa zamu halali, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika kwa vidole vyake, wakati angeacha tu nyota, alama ya siku yoyote, Ijumaa ikiwamo, mahali pa siku, mwanawe angepona, na akawa anakimbia kwenye vumbi la barabara akipita redio baada ya redio, kwenye vibanda, kwa fundi cherehani, dirishani kwa majirani, na zote zilikuwa zikiita, kwa upole, kwa sauti ya Domitille, “Nadège, kuja mama akusuke.”

Alifika mlangoni akihema. Nyumba ilikuwa tupu, redio ndogo mezani.

“Niko, mama,” mtoto akajibu, na jibu lilitoka ndani ya redio.

Ijumaa iliyofuata redio ikaita, “Vital.” Ilikuwa sauti ya Nadège, na Vital alikuwa amekaa mbele ya redio hiyo tangu alfajiri, akingoja kuitika.