Abiria wa Kiti cha Mbele

Mtaa wa Kongo ulikuwa umefurika watu, na mikono miwili ikang'ang'ania basi moja la chuma la kuchezea, la mwisho kwenye duka la midoli.

"Kaka, nimeliona mimi kwanza."

"Dada, wewe unampelekea mtoto alivunje. Mimi nalifanyia kazi."

"Kazi gani ya mdoli, mzima wewe?"

Zakayo akamwonyesha picha kwenye simu: midoli aliyoikwangua rangi, akaikata na kuipaka upya hadi ikafanana na mabasi ya kweli ya barabarani. Severa, aliyependeza mno ndani ya kitenge cha bluu, aliacha kucheka.

"Nitengenezee la Theophil," alisema. "Mchumba wangu, alikuwa dereva. Lilipinduka naye njia ya Moshi, mwaka juzi."

Kuanzia hapo, kila akifunga duka lake la vitambaa Msimbazi alipitia Ilala kwa Zakayo na mishikaki ya moto, hadi wakapendana.

"Mpenzi, pua yako imejaa rangi."

"Nibusu hivyo hivyo."

"Na midomo nayo iwe ya kijani? Thubutu!" Akambusu. "Basi likiisha, na msiba wangu umeisha. Utakuja kwetu kujitambulisha."

Kijana alitakiwa kumshukuru Mungu na kupiga msasa. Lakini alimwonea wivu marehemu, na huo ni wivu wa kijinga kuliko wote. Siku moja, akitafuta mtandaoni picha ya kunakili taa za mbele, alipata iliyopigwa stendi asubuhi ya safari ile ya mwisho. Akaikuza. Pembeni ya dereva alikaa msichana mwenye kilemba cha njano, anacheka.

Zakayo alifurahi. Ndiyo, alifurahi! Angeweza kumpigia Severa amwulize, ikaisha. Badala yake alichonga dereva, akachonga na msichana. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye picha: alikilaza kichwa cha msichana begani kwa dereva, akakitia gundi.

Severa alikuja Jumapili, nywele zimesukwa upya, gauni jeupe linanukia udi.

"Zakayo wangu, ndilo! Hata mistari ya ubavuni!" Machozi yalimlengalenga. Akainua paa achungulie viti.

"Huyu nani?"

"Nimefuata picha ya safari ile, mpenzi. Nilitaka umjue vizuri huyo unayemlilia."

"Huyu ni Vicky. Mdogo wangu wa tumbo moja. Theo alimpakia akamwone mama. Tuliwazika siku moja."

"Sevi... hukuwahi kuniambia."

"Nilikuwa siwezi hata kulitaja jina lake." Alimtazama usoni. "Kwenye picha alimlalia hivi?"

Zakayo alitamani kudanganya, akashindwa. "Hapana."

Severa aliingiza kidole taratibu, akajaribu kukinyoosha kile kichwa. Gundi ilikuwa imekauka. Kikakatika, kikabaki kiganjani mwake na kilemba chake cha njano. Akakifumba kiganja, akatoka. Basi aliliacha mezani.

Zakayo alipiga simu mchana kutwa. Jioni ikapokelewa.

"Mpenzi, nisamehe. Nitamtengeneza upya, nakuapia. Nitumie picha yake tu, nimchonge vizuri."

Severa akauliza, kwa sauti ya upole kabisa:

"Kwa mkono huo huo, Zakayo?"

Akakata.