Vidole Vinne Kulia

Bastola ilikuwa mpya, bado ina grisi ya kiwandani, lakini ilinuka karafuu.

Fundi wa silaha wa kampuni ya ulinzi, ambaye walinzi walimpachika jina la Milimita kwa majigambo yake ya vipimo, aliinusa mara mbili, akaifuta, akajisemea ni mafuta ya siku hizi tu. Akaifunga kwenye jiriwa, kibanio cha chuma kisichotikisika, ndani ya banda la majaribio, akailenga katikati ya kifua cha mtu aliyechorwa kwenye karatasi, akafyatua risasi tano. Zote zilipita kwenye tundu moja, upana wa vidole vinne kulia, palipo moyo wa yule mtu wa karatasi.

Kwa fundi hilo si balaa. Silaha inayorudia kosa lile lile ina nidhamu. Unasogeza kilengeo cha nyuma kidogo, basi. Milimita akasogeza. Vidole vinne kulia. Akabadilisha boksi la risasi, akasugua mtutu, akakaza kila skrubu. Vidole vinne kulia. Mwisho akaigeuza jiriwa yenyewe ikatazama ukuta wa kushoto, mbali kabisa na karatasi, akafyatua, na ukutani hapakuwa na hata mkwaruzo, ila kule kwenye karatasi lile tundu likafuka moshi, na harufu ya karafuu ikajaa bandani mchana kweupe, kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake anampumulia shingoni, na Milimita, ambaye siku zote aliwacheka wanaoogopa majini, akashindwa hata kugeuka.

Mtu aliyezoea kutafuna karafuu alikuwa marehemu shemeji yake, kwa ajili ya jino bovu. Naye alikuwa mlinzi wa kampuni hiyo hiyo. Miezi mitano nyuma majambazi walimvamia getini, bastola yake mpya ikakwama, wakampiga risasi ya moyo.

Sasa sikia uovu wenyewe. Kila bastola mpya hutoka kwa Milimita ikiwa na karatasi ya shabaha ndani ya boksi, matundu matano ya kuonyesha kwamba imejaribiwa. Ile ya shemeji hakuifyatua hata mara moja. Ilikuwa Ijumaa, alitaka kuwahi nyumbani, akaitoboa karatasi kwa bisibisi, matundu matano safi katikati, akatia saini. Na kwenye uchunguzi akasema, bila kupepesa macho, kwamba marehemu hakuwa akiisafisha silaha yake. Dada yake, mjane wa huyo huyo marehemu, sasa anaishi kwake, anampikia na kumfulia mashati, na mtaa mzima unamwita mke wa mzembe. Kuna watu wana roho mbaya, jamani.

Bosi alipoona karatasi zote zina tundu moja, akamleta mganga kimyakimya. Mzee yule aliinusa bastola, akairudisha mezani taratibu, akasubiri bosi atoke.

"Chuma hiki kizima," akanong'ona. "Jini amenyanyuka pale damu ilipomwagika. Anamtafuta aliyetoboa karatasi."

Milimita akaifunika bastola kwa kitambaa. "Sasa... anataka nini, mzee? Kafara?"

"Kafara ya nini? Mwambie mjane ukweli, jini ataondoka leo leo. Usipomwambia, mimi sina dawa."

"Yule ni dada yangu, mzee. Atanionaje?"

"Atakuona ulivyo."

Milimita akaitikia kwa kichwa, akamsindikiza mzee hadi mlangoni. Kisha akarudi, akatandika karatasi mpya mezani, akachukua bisibisi. Matundu matano, katikati. Akatia saini, boksi likaenda stoo.

Jioni hiyo dada alikuta shati la kaka yake limetoboka kwenye mfuko, upande wa moyo, ukingo umeungua. Akalishona. Kesho yake lilitoboka shati jingine, na fulana chini yake. Siku ya tatu, Milimita alipokuwa anakula, dada alikaa mkabala naye na sindano mkononi.

"Kaka, nikuulize kitu, usinikasirikie. Ile bastola ya mume wangu, ulipoijaribu, ilikuwa inapiga sawa?"

Karafuu ikaingia chumbani. Dada akainua uso, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu. "Unasikia, kaka? Hiyo harufu?"

Milimita alikuwa anatakiwa kusema sentensi moja tu, na aliijua, huku ngozi ya kifua ikimchoma mahali pamoja padogo upana wa risasi, na nyuma ya kiti chake mtu akipumua polepole, akisubiri.

"Ilipiga katikati, dada," akasema. "Yeye ndiye hakuisafisha."

Tabasamu likazimika. "Haya, kaka," dada akajibu, akakata uzi kwa meno.

Nyuma ya kiti, chuma kikavutwa, kikarudi, kikalia ka! Safari hii bastola haikukwama.