Babu Verlyn Ajizoeza Mawimbi

Kila Jumapili, ibada ikiisha, Britta na wazazi wake walikwenda kula chakula cha mchana kwa Babu Verlyn na Bibi Arlene. Nyumba yao ilikuwa kando ya ziwa, nje kidogo ya mji wa Bemidji, na kipindi chote cha baridi ziwa hilo liliganda likawa gumu kiasi cha kubeba gari. Wageni walivua viatu vyenye theluji mlangoni, wakaketi, wakala nyama na viazi vilivyookwa pamoja kwenye bakuli moja kubwa. Kisha Bibi akaleta keki ya chokoleti, na hapo ndipo vituko vilipoanza.

Keki iliendelea kuliwa vizuri mpaka kilipobaki kipande kimoja. Hicho hakuna aliyethubutu kukigusa. Katika familia ile, na kwa kweli katika mji ule mzima, mtu aliyechukua kipande cha mwisho alionekana hana adabu.

"Karin, mwanangu, malizia hicho," alisema Bibi.

"Hapana, Mama, nimeshiba," alijibu mama yake Britta. "Labda Todd."

"Mimi? Hata kidogo," alisema baba yake Britta, huku macho yake yakiwa palepale kwenye keki. "Mpeni Babu."

"Mimi nimeshiba tangu jana," alisema Babu.

Basi Mama alichukua kisu akakata nusu, eti aonje tu. Baba akakata nusu ya ile nusu. Bibi naye akamega kidogo. Mwishowe kilibaki kijipande chembamba, kikakaukia kwenye sinia, na Jumatatu Bibi akawatupia ndege. Britta alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na aliwaonea huruma sana watu wazima wale. Keki aliionea huruma zaidi.

Jumapili moja ya mwezi wa Januari, Bibi aligonga kikombe chake kwa kijiko.

"Mwezi wa tatu mimi na Verlyn tutatimiza miaka hamsini ya ndoa," alisema. "Tunataka twende sote mahali penye joto. Tumeambiwa kuna safari za aina mbili. Kuna hoteli ya ufukweni kule Mexico, mnakaa hapohapo juma zima, chakula na vinywaji vyote vimeshalipiwa. Au kuna meli kubwa ya kitalii inayozunguka visiwa vya Karibea, mnalala humo na kula humo. Mnapenda ipi?"

"Yoyote tu, Mama," alisema Mama.

"Mnayopenda ninyi," alisema Baba.

"Mimi namfuata Arlene," alisema Babu.

"Nami namfuata Verlyn," alisema Bibi.

Wakamgeukia Britta. Moyoni alitaka meli, tena aliitaka mpaka vidole vya miguu vikamwasha. Maren, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amesafiri kwa meli ya namna hiyo mwaka uliopita, na tangu siku hiyo darasa zima halikupumua. Habari zake zilikuwa ni bomba la kutelezea lililopinda juu ya bahari, na mashine ya aiskrimu ambayo mtu hujihudumia mwenyewe mchana kutwa. Lakini Britta alilelewa katika familia ileile.

"Yoyote tu, Bibi," alisema.

Mazungumzo yakaishia hapo. Watu wakanywa kahawa na kutazama theluji dirishani.

Wakati wa kuosha vyombo, Britta alibaki na Bibi jikoni. Alikausha sahani moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akasema, "Bibi, nikwambie siri? Babu anaitamani ile meli."

Bibi aliacha kusugua sufuria. "Babu yako huyu? Amesema hivyo?"

"Amesema kabisa. Ila usimuulize, atakataa."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, nalo ndilo lililoulinda uongo. Katika familia ile, kumuuliza mtu mara ya pili anachotaka kulihesabiwa kuwa ni kumbana. Britta alijua Bibi hatauliza.

Akamfuata Babu gereji, alikokuwa akipanga ndoana zake. "Babu, Bibi anaota meli usiku na mchana. Anaona haya tu kusema."

Kikopo cha ndoana kilimponyoka Babu, kikaanguka kwa kishindo. "Meli? Hizi zinazoelea?"

"Zote zinaelea, Babu."

"Ndiyo," alisema Babu polepole. "Hilo ndilo tatizo… yaani, hilo ndilo zuri lake." Akainama kuokota ndoana, akakaa huko chini kwa muda. "Sawa. Kama Arlene anataka meli, tutapanda meli."

Britta alirudi ndani akiruka kwa mguu mmoja. Alijiambia kwamba hakumuumiza mtu. Babu alikuwa mvuvi, na mvuvi gani asiyependa maji? Bibi naye atafurahi akishafika. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, tena wa kuwasaidia watu wasiojua kujisemea.

Jumapili iliyofuata Babu alitangaza kwamba yeye amechagua meli. Bibi akasema naye amechagua meli. Walitabasamu wote wawili kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Mama aliahidi kuthibitisha safari juma linalofuata, hapohapo mezani, na akaonya kwamba ikishathibitishwa haibadilishwi tena. Jumatatu asubuhi Britta alimwambia Maren, kwa sauti ya kusikika mpaka dawati la mwisho, kwamba meli yao ina bomba refu kuliko lake. Hakuwa na uhakika wowote kuhusu hilo.

Jumamosi Bibi alimpa Britta chupa ya supu ya moto ampelekee Babu kwenye kibanda chake cha kuvulia, kilichosimama juu ya barafu katikati ya ziwa.

"Na ukirudi unisaidie kutafuta kiti changu cha kubembea," alisema Bibi. "Kimetoweka sebuleni. Mwizi gani anaacha televisheni akaiba kiti?"

Britta alitembea juu ya barafu, kofia ikiwa imefunika masikio. Alipokaribia kibanda alisikia sauti ya Duane, jirani na rafiki wa Babu wa siku nyingi.

"Wimbi la kushoto hilo! Haya, la kulia! Linakuja kubwa, Verlyn, jishike!"

"Duane, punguza!"

"Bahari haipunguzi, ndugu yangu! Angalia mbali, mahali mbingu zinapokutana na maji!"

"Mbingu zipi? Tuko ndani ya kibanda!"

"Basi angalia birika!"

Britta alifungua mlango. Katikati ya kibanda kilikuwepo kiti cha Bibi cha kubembea, na juu yake ameketi Babu, amevaa koti la baridi na juu ya koti amevaa jaketi la kujiokolea la rangi ya machungwa. Amekumbatia ndoo. Uso wake ulikuwa umepauka ukaelekea kijani. Nyuma yake Duane alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akikisukuma huku na huku kwa bidii, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

"Funga mlango, unaingiza baridi," alisema Babu kwa sauti dhaifu.

"Babu, unafanya nini?"

"Anazoea meli," alidakia Duane. "Leo amemaliza dakika nzima bila ndoo. Jana hata nusu hakufika."

"Duane, uliapa kunyamaza!"

"Niliapa kutomwambia Arlene. Huyu si Arlene."

Babu alivuta pumzi ndefu. "Mjukuu wangu, mimi chombo chochote kinachoelea kinanichafua tumbo. Tangu utoto. Hata mtumbwi uliofungwa gatini."

"Lakini wewe ni mvuvi!"

"Mvuvi wa barafu. Umewahi kuniona navua wakati wa kiangazi? Barafu haiyumbi. Ndiyo maana naipenda."

"Na ile mashua iliyo kando ya gereji?"

Duane alikohoa akageuka kutazama tobo la kuvulia samaki lililochimbwa kwenye barafu.

"Ile alininunulia bibi yako tulipokuwa tumeoana karibuni," alisema Babu. "Alifurahi sana siku aliponipa. Ningemwambiaje? Kila kiangazi naiosha, naipaka rangi, kisha nasema samaki wa kiangazi hawana ladha."

Britta alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. "Basi Babu, usipande meli. Sema hutaki."

"Arlene anaiota usiku na mchana, wewe mwenyewe umeniambia. Mwanamke amenivumilia miaka hamsini, mimi nishindwe kutapika juma moja kwa ajili yake?" Alikaza mikanda ya jaketi. "Haya, Duane. Leta mawimbi."

Britta aliweka chupa ya supu chini, akatoka. Aliona aibu mpaka mashavu yakamwaka moto katika baridi. Njia nzima alijaribu kufikiria lile bomba la kutelezea, lakini kila alipolifikiria alimwona Babu chini yake amekumbatia ndoo. Na kama angesema ukweli, wote wangejua kwamba ni mwongo, na Maren angemcheka mpaka shule zifungwe. Alipofika nyumbani hakuthubutu hata kumtazama Bibi usoni. Walitafuta kile kiti pamoja, hata nyuma ya mapazia, huku Britta akijua vizuri kilipo.

Siku iliyofuata, baada ya chakula, Mama aliweka kompyuta yake mezani, kando ya sinia ya keki. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja.

"Haya, nathibitisha," alisema. "Meli. Wote mmeridhika?"

"Kabisa," alisema Babu, akameza mate.

"Sana," alisema Bibi, akatazama mikono yake.

Kidole cha Mama kilishuka.

"Mama, ngoja!" Britta alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nimedanganya. Babu hakusema anataka meli. Bibi naye hakusema. Mimi ndiye niliyeitaka, kwa sababu ya Maren na bomba lake. Nilimwambia kila mmoja kwamba mwenzake ndiye anayeitaka. Na Babu anatapika, Bibi! Anatapika hata kwenye mtumbwi uliofungwa, na kiti chako kiko ziwani, Duane anamtikisa!"

Halafu akaanza kulia. Watu wale hawakuzoea kusikia mambo mengi kiasi hicho kwa mara moja.

"Verlyn," alisema Bibi hatimaye. "Kumbe hutaki meli?"

"Kumbe wewe pia hutaki?"

"Mimi nilitaka hoteli tangu mwanzo! Nilitaka kiti kimoja chini ya mwavuli, nisisogezwe na mtu yeyote, na mtu nisiyemjua aoshe vyombo."

"Mimi nilitaka mahali pasipotikisika!"

"Na mashua niliyokununulia?"

Babu alijikuna kichwa. "Ni mashua nzuri sana, Arlene. Kwa kuosha."

Bibi alimkodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutetemeka, akaangua kicheko mpaka akavua miwani kuyafuta machozi. Babu naye akacheka, na Mama akacheka. Baba ndiye aliyesita.

"Mimi," alisema polepole, "kwa kweli ningependa meli."

Wote wakamgeukia.

"Nimesema tu," alisema Baba. "Si ndiyo tunasema ukweli sasa? Hoteli ni sawa. Ila ningependa meli."

"Asante kwa kusema, Todd," alisema Bibi. "Umeshindwa, lakini asante."

Kisha akamwita Britta akamkalisha karibu naye. Uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Umetudanganya, na kosa hilo ni lako. Uliuita uongo mdogo, sivyo? Angalia uongo huo ulivyokua. Babu yako alikuwa anaugua kwa ajili yangu, nami nilikuwa tayari kuhuzunika kwa ajili yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamfurahisha mwenzake. Uongo hautumikii watu, hata ukiuvisha nguo za msaada. Umefanya vizuri kuukiri kabla Mama hajabonyeza. Lakini kuanzia Jumamosi utaondoa theluji mlangoni kwetu mpaka siku ya safari. Na kesho utamwambia Maren ukweli."

"Lazima, Bibi?"

"Lazima. Na kama ulimtambia kwamba bomba lenu litakuwa refu kuliko lake, hilo pia."

Britta aliinamisha kichwa. Alikuwa amelisema.

"Nasi watu wazima tuna kosa letu," Bibi aliendelea, akiwatazama wote. "Mtoto ametudanganya kwa urahisi kwa sababu hakuna aliyefungua mdomo kusema anachotaka. Tumekuwa tukiita jambo hilo adabu, kumbe ni kufichana. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli, hata kama ni kuhusu mashua. Mtu anayekujua ndiye anayeweza kukutendea mema."

Mama alithibitisha hoteli, akafunga kompyuta. Sinia ilikuwa palepale, na kile kipande cha keki juu yake.

"Haya," alisema Bibi. "Nani anakitaka?"

Mama alifungua mdomo kusema ameshiba. Baba alishika kisu tayari kukata nusu. Lakini mkono wa Babu ulipita katikati yao, ukachukua kipande chote.

"Mimi nakitaka," alisema Babu, akakiuma kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka hamsini.

Bibi alimtazama akitafuna. "Hata mimi nilikuwa nakitaka," alisema.

"Ungesema mapema, Arlene," alijibu Babu, mdomo umejaa.