Uso wa Jiko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nadhifu alipiga viatu vyake rangi, akavuta soksi hadi zikalingana, kisha akaingia jikoni kulipamba jiko. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani na mtaani wote walimwita Nadhifu, maana tangu utotoni alikuwa akidondokewa na tone moja la mchuzi, analia mpaka abadilishwe nguo.

Jiko lao la kuni lilikuwa la matofali na udongo, lenye nafasi ya sufuria mbili. Mbele lilikuwa na mdomo wa kutilia kuni, na chini ya mdomo huo tundu la kuingizia hewa na kutolea majivu. Nyuma yake bomba la bati lilipanda hadi juu ya paa. Aliyelijenga alikuwa mama mmoja mcheshi mwenye mikono mipana, na kabla ya kuondoka aliingiza ngumi yake kwenye lile tundu, akaizungusha.

"Mnaona? Ngumi yangu inapita na nafasi inabaki," alisema. "Hapa ndipo jiko linapovutia pumzi. Majivu yatoeni kila asubuhi likiwa limepoa. Bomba lisugueni kila wiki. Kuni ziwe kavu, zipasuliwe nyembamba, wala msilishindilie jiko kama gunia. Mkilitunza litawatunza."

Mama aligawa kazi siku hiyo hiyo. Yeye angeshughulikia kuni na kupika, Nadhifu angetoa majivu na kusugua bomba. Bibi, mzaa mama, akauliza, "Na mimi je?" Mama akamjibu, "Wewe utakaa kwenye kigoda chako utukosoe, kazi uliyoizoea." Bibi akacheka akasema hiyo ataiweza.

Kusema kweli, Nadhifu hakuyapenda majivu. Yaliingia kwenye kucha, yakatua kwenye kola ya shati. Masizi ndiyo kabisa, hakutaka hata kuyasikia. Basi akawa anakokota majivu ya mbele tu, yale yanayoonekana, na ya nyuma anayaacha yalale. Bomba alilipiga kofi moja kama mtu anayemsalimu rafiki, akaenda zake. Nguvu zote alizimalizia nje: alikoroga udongo mweupe kwa maji, akachovya kitambaa, akalipaka jiko kuanzia juu hadi chini na kuzunguka kila tundu. Kila siku tabaka jipya, na kila siku jiko likang'aa.

Majirani wakichungulia walisema, "Jiko hili mngeliweka sebuleni."

"Ni kazi ya binti yangu," Mama aliwajibu. Nadhifu alivimba kichwa, na kesho yake akapaka mara mbili.

Baada ya muda jiko likaanza kununa. Moto ulichelewa kushika, sufuria zikachelewa kuchemka, na moshi badala ya kupanda kwenye bomba ulitokea mdomoni na kujaa jikoni. Macho yaliwasha. Mama alizilaumu kuni, akatafuta nyingine kavu zaidi, lakini moshi ukawa ule ule. Mwishowe akamlaumu fundi. "Yule mama katuuzia mbuzi kwenye gunia," alisema.

Aliyeumia zaidi ni Bibi. Alikohoa akiwa amekaa, akakohoa akisimama, na usiku alilala ameegemea mto ili apate pumzi. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akamwambia Mama, "Kifua hiki hakitaki moshi tena. Moshi ukiisha nyumbani, atapata nafuu. Usipoisha, mhamisheni."

Mjomba, kaka yake Mama, aliishi mbali, safari ya kutwa nzima, na kwake hawakupikia kuni. Ikaamuliwa kwamba atakuja Jumamosi kumchukua Bibi.

Nadhifu alilala kitanda kimoja na Bibi tangu akiwa mdogo. Bibi ndiye aliyemsuka nywele na kumsikiliza akisoma kwa sauti hata kama somo lenyewe halimhusu. Alipoona nguo za Bibi zinakunjwa na kutiwa kwenye mfuko, alimsogelea.

"Bibi, utarudi lini?"

"Moshi ukirudi kwao, mjukuu wangu, na mimi nitarudi kwetu," Bibi alijibu, akaanza kukohoa.

Ijumaa, Nadhifu alitoka shule akaingia jikoni moja kwa moja. Mama alikuwa kisimani na jiko lilikuwa limepoa. Alichuchumaa mbele yake akiwa na kitambaa chake mkononi, lakini mara hii hakupaka. Alikumbuka ngumi ya fundi. Akakunja yake, ndogo, akaisukuma kwenye tundu la hewa. Ilikwama kwenye vifundo vya vidole.

Alikwaruza ukingo wa tundu kwa ukucha. Udongo mweupe ukabanduka, na chini yake mwingine mweupe, na mwingine tena, kama maganda ya kitunguu. Akafungua kifuniko cha chini ya bomba, na masizi yakamwagika yote mapajani, juu ya sketi ya shule. Hakulia. Alikaa hapo hapo akiyatazama. Jiko halikuwa bovu. Yeye ndiye aliyelikaba koo, siku baada ya siku, huku akisifiwa.

Angeweza kulisafisha kimyakimya na kunyamaza. Lakini nani angeamini kwamba jiko limepona lenyewe? Mama angesema ni bahati ya siku moja, na Bibi angeondoka vile vile. Mama aliporudi na ndoo, alimkuta bintiye mweusi tangu viganja hadi magoti.

"Mama, usimlaumu fundi," Nadhifu alisema. "Ni mimi. Majivu nilitoa ya mbele tu. Na tundu nimeliziba kwa kupaka."

"Na bomba?"

"Sijalisugua tangu fundi aondoke."

Mama alitua ndoo polepole. "Na mimi nimemsema mtoto wa watu mtaa mzima," alisema. Alikuwa na hasira, na Nadhifu aliiona. Kisha Mama akaingiza mkono wake kwenye tundu, ukakataa, akashusha pumzi. "Mimi nami nilisifu bila kukagua. Haya, lete kisu kikuukuu na debe la bati."

Walikwangua, wakazoa, wakasugua bomba kwa brashi ndefu. Bibi alikosoa kutoka uani, mbali na vumbi. "Leo Nadhifu kawa mkaa," alisema, na Nadhifu akacheka huku machozi yakimchirizika.

Mjomba alisafiri usiku, akawasili asubuhi, akakuta kuni nyembamba zimepangwa na Mama anawasha moto. Moshi kidogo ulitoka mdomoni, ukasitasita, kisha ukavutwa ndani. Moto ukavuma. Nje, juu ya paa, bomba lilianza kufuka. Bibi alisogeza kigoda hadi kwenye mlango wa jikoni. Wote wakangoja akohoe. Alivuta pumzi, akavuta nyingine.

"Mwanangu," alimwambia Mjomba, aliyekuwa ameshaunyakua mfuko, "rudisha mzigo wangu ndani."

"Muuguzi atamsikiliza tena wiki ijayo," Mama alisema. "Tukiona moshi, nitakupigia simu." Mjomba alitazama jikoni, akatazama paa, akaurudisha mfuko.

Mchana, Mama na Nadhifu walikwenda kwa fundi kuomba radhi. Waliporudi, Bibi alimketisha mjukuu wake karibu naye.

"Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema. "Jiko halipumui kwa uso, mjukuu wangu. Kazi ambayo hakuna anayekuona ukiifanya, hiyo ndiyo uifanye vizuri zaidi. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema jana. Kusema kwako ndiko kulikonibakiza hapa."

Siku hizi jiko lina rangi ya udongo wake. Jirani mmoja alichungulia akauliza lile jiko zuri limekwenda wapi.

"Limekwenda kazini," Mama alimjibu.

Nadhifu hakusikia. Mkono wake ulikuwa ndani ya tundu la hewa hadi kwenye kiwiko, akiyafuata majivu ya nyuma kabisa.