Lango Lililoona Kijani

"Mchele umeungua."

Simu ya mpashaji habari ikakatika. Wilasini, afisa wa forodha, hakuhitaji neno la pili; hayo yalikuwa maneno ya siri kwamba silaha zinapitishwa. Akachomeka bastola yake ya Glock kiunoni, akabeba kompyuta yake ya ThinkPad kwapani, na dakika kumi baadaye Hilux yake ilifunga breki kwenye lango la bandari ya Laem Chabang, Thailand.

Kontena moja lilikuwa na bunduki mia nne za magendo. Likitoka, kesho lingekuwa mpakani, na mpakani ndiko alikokuwa mdogo wake, askari wa miaka ishirini. 

"Dada, mbona unanisumbua chakula kikiwa mdomoni?" Bunma, karani wa lango, alikuwa na bakuli la saladi ya papai. "Kompyuta imesema kijani. Kijani ni ruhusa."

"Kwangu ni nyekundu, kaka. Ukurasa uleule wa forodha, kontena lilelile."

"Basi yako ina mapepo."

Lori lenye kontena hilo lilikuwa la tatu kwenye foleni.

Redio ikakoroma. Alikuwa bosi wake, Chifu Kriangkrai. "Hiyo hitilafu uliyoripoti ni ya wadukuzi wa ng'ambo. Rudi ofisini, tutamalizia huku."

Hakurudi. Chifu huyohuyo ndiye aliyemfundisha: hitilafu ikikushinda, tafuta kinachotofautiana. Akamsogeza Bunma, akabonyeza F12, na matumbo ya ukurasa, yaani maagizo yanayouendesha, yakaanikwa kwenye kivinjari.

Lori la pili sasa.

Alishuka mstari kwa mstari, jasho likimtoka. Akauona. Mwaka ukizidi 2500, onyesha kontena hili kijani.

Kona ya skrini ya lango ilisoma 2568, mwaka wa Kibuddha. Kompyuta yake ilisoma 2025. Kompyuta zote za ofisini zilipangwa kwa kalenda ya kizungu, kwa amri ya mtu mmoja: Chifu.

Mgeni gani angejua hayo?



Akabadili kalenda ya kompyuta ya lango, akapakia ukurasa upya. Nyekundu. Bunma akaacha kutafuna, akashusha kizuizi mbele ya lori. Dereva aliruka chini akimbie, akakutana na mdomo wa Glock.

"Lala chini, mjomba. Jua kali, usinichoshe."

Dereva akatiwa pingu. Wilasini akatuma picha ya mstari ule makao makuu, pamoja na jina la Chifu. Jibu lilipokuja kwamba polisi wako mlangoni kwa Chifu, akashika redio.

"Samahani, Chifu. Hapo mezani kwako ni mwaka gani?"

 Chifu akashusha pumzi. "Wila, mwanangu..."

"Ulinifundisha vizuri, mzee."

Akazima redio, akachota papai la Bunma kwa vidole, akaelekea kwenye gari bila haraka.

"Dada, mbona machozi?"

"Umezidisha pilipili," alisema, na hakugeuka.